Presha ya Mama Rachel

Tryphena alikuwa amejifungia ndani ya nyumba yake, Mwakingali mjini Voi, mapazia yameshushwa na viatu vya mlangoni vimeingizwa ndani ili ionekane hayupo. Jumamosi hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwa Carolyne, jirani ambaye wametenganishwa na ukuta mmoja tu. Tryphena alikuwa ameomba ruhusa: mama yake, Mama Rachel, huko Ronge amepandwa na presha, lazima aende kumwona. Presha yenyewe aliitunga akiosha vyombo. Mama Rachel alikuwa mzima, na saa hiyo huenda alikuwa shambani akivuna maharagwe.

Na uongo wote huo ni kwa sababu gani? Tamthilia! Leo ndiyo harusi, na bibi harusi bado hajui anaolewa na mwizi. Kuchoka kusali kunasameheka, lakini kumsingizia mama mzima ugonjwa kulimsumbua Tryphena tangu asubuhi. Alijiambia ataungama. Kisha akabonyeza simu irushe picha kwenye TV.

TV yake ikabaki nyeusi. Upande wa pili wa ukuta muziki wa harusi ukalipuka katikati ya sala, na mwanamke akapiga yowe, "Usimguse mume wangu!"

Wi-Fi ilikuwa ya Carolyne, aliyempa nywila bila hata kuombwa, na simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo huziona TV za nyumba zote mbili. Tryphena alikuwa amechagua isiyo yake. Alizima haraka, lakini jina lake lilikuwa limeshaonekana kwenye skrini.

"Ni Tryphena!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mable, katibu wa jumuiya. "Si ako Ronge?"

"Maskini," Carolyne akasema. "Anajaribu kutupata na video tuombe pamoja, network inamsumbua. Wacha nipigie mamake."

Heri wangemtukana. Tryphena alisimama akashika kichwa, akisikia simu ikiita kwa spika.

"Mama Rachel, pole sana na presha. Tuko hapa jumuiya tunakuombea. Tryphena amefika?"

Huyu ni mwanamke aliyewahi kurudi kwa miguu hadi soko la Mwatate kurudisha nyanya alizozidishiwa. Tryphena alingoja aulize, presha gani?

Mama Rachel akakohoa. Akakohoa tena, vibaya, maana hakujua wenye presha hufanyaje. "Amefika," akasema. "Ametoka kidogo kunitafutia dawa. Asanteni, wanangu."

Wakaanza kumwombea. Kila walipomtaja, mama aliitikia amina kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeshuku. Tryphena angeweza kukaa kimya, na jioni atoke kama mtu aliyerudi safari. Lakini ile amina ilimchoma.

Akafungua mlango, akatoka bila viatu, akaingia kwa Carolyne. Wanawake wakamgeukia, rozari mikononi. Simu ilikuwa juu ya stuli.

"Mama," akasema, "wacha kukohoa. Niko Voi. Sijatoka hata."

Carolyne alimtazama tu, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Kisha sauti ya Mama Rachel ikatoka kwenye simu, nzima kabisa.

"Msifunge maombi bado, akina mama. Nimewadanganya kwa ajili ya huyu mtoto."