Beti ya Tatu ya Betón

Kila baada ya sekunde kumi na moja mashine ilitema kiegemeo kimoja cha kichwa cha kiti cha gari, bado cha moto, na Ctibor Gavula alikivika ngozi, akafunga zipu, akakitupa kwenye kreti. Mistari yake mingi aliitunga kwa mapigo ya mashine ile, akiandika kwa kalamu nene nyuma ya vibandiko vilivyoharibika. Ijumaa ile hakutunga chochote. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ofisi ya utamaduni ya mji wa Lehotín ingefungwa saa sita, na bila muhuri wake asingepanda jukwaani jioni kwenye sikukuu ya mji.

"Bosi, nipe saa moja," alimwambia Maroš, msimamizi wa zamu.

"Uende wapi?"

"Mjini. Mashairi yangu yanataka muhuri."

"Siku hizi matusi nayo yanapigwa muhuri?" Maroš alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Unarap kabla ya bendi ya wazimamoto au baada?"

"Kabla."

"Pole wewe. Haya, Jumapili utanishikia zamu ya asubuhi na ya mchana."

"Ya asubuhi tu, bwana."

"Zote mbili, ama rudi kwenye zipu zako."

Ctibor alivua glavu.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alipokuwa na kumi na tisa alirekodi albamu yake ya kwanza ndani ya kabati la nguo la mama yake, ghorofa ya saba, makoti ya baridi yakizuia mwangwi, na akajiita Betón, yaani zege, kwa kuwa ndilo lililomlea. Aliziuza CD mwenyewe kutoka kwenye begi la shule. Akaimba Košice, akaimba Bratislava, mji mkuu, ambako bwana mmoja wa redio alimwambia lafudhi yake ya bondeni inachekesha, aisafishe kwanza. Hakuisafisha. Redio ikamsahau, baadaye na matamasha, kiwanda kikampokea. Kwa miaka sita hakuwa ameshika maiki mbele ya watu wa mji wake.

Na jioni hii alikuwa na jambo la kuwaambia. Mwaka juzi kampuni iliyonunua hospitali ya mji iliifunga wodi ya wazazi, ikasema wanaozaliwa ni wachache mno. Februari mkewe, Želmíra, alishikwa na uchungu alfajiri. Hospitali ya jirani iko kilomita thelathini na nane, na katikati kuna reli. Kizuizi kilikuwa kimeshuka. Treni ya mizigo ilikuwa inapita polepole. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, hakulia. Karatasi waliyopewa iliandikwa: msichana, kilo mbili na gramu mia tisa. Jina halikuandikwa. Walikuwa wamemwita Timea.

"Liseme mbele yao," Želmíra alimwambia wimbo ulipokamilika. "Mara moja tu. Wasikie kwamba alikuwa na jina."

Kwenye ukumbi wa ofisi kulikuwa na foleni, na kila mtu kwenye foleni alishika ua au boksi la chokoleti.

"Leo kalenda ina jina la Valéria, na mwenye jina lake hupewa zawadi," bibi mmoja mwenye maua yaliyofungwa kwenye gazeti alimnong'oneza. "Wewe unakwenda kuomba mikono mitupu? Kwenu hamna kalenda?"

"Nimesahau, bibi."

"Aa, mwanangu. Siku ya kuzaliwa unaweza kuisahau. Siku ya jina, tena ya mwenye muhuri?"

Duka la maua lilikuwa mbali, na saa aliyopewa ilikuwa inakwisha. Akaingia hivyo hivyo.

Mama Valéria Škultétyová, mkuu wa utamaduni, alikuwa ameweka maua hata kwenye ndoo ya kudekia. Shada moja tu lilikuwa na chombo cha kioo, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote, lenye utepe wa rangi za kampuni ya hospitali. Kadi yake ilikuwa imesimamishwa wazi: *Kwa mshirika wetu mpendwa.*

"Kheri ya siku ya jina, mama."

"Asante, Ctibor. Nimeyaona maua yako," alisema, akitazama mikono yake mitupu. Kisha akatoa karatasi ya mashairi aliyotumiwa na Ctibor. Beti ya tatu ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, mstari mmoja uliopimwa kwa rula.

*Wodi wameifunga, ufunguo wameutia mfukoni,*
*Kilomita thelathini na nane, tumekwama relini,*
*Mabehewa yanapita, mama analia kitini,*
*Timea, umekuja, umekwenda, jina halimo kitabuni.*

"Kwenye simu ulisema ni utaratibu tu," Ctibor alisema.

"Nilikuwa sijaisoma. Jukwaa ni la kampuni ya hospitali, taa ni zao, hata soseji za wazee ni zao. Meya atakaa na mkurugenzi wao mstari wa mbele. Nifanyeje mimi?"

"Hakuna tusi hata moja humo, mama."

"Lingekuwepo tusi ningeliacha! Tusi linapita." Alishusha sauti. "Wanangu wote wawili niliwazaa kwenye wodi ile. Unadhani sijui? Bado miaka miwili nistaafu, Ctibor. Weka sahihi hapo, kwamba beti ya tatu haitasemwa. Usipoweka, namwambia mpiga akodioni aanze mapema, achukue nafasi yako."

Ctibor aliisoma karatasi mara mbili. Haitasemwa. Akaweka sahihi. Muhuri ukagonga.

Nyumbani Želmíra alikuwa anapiga pasi shati lake jeusi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo utaimba nini?"

"Beti mbili za kwanza. Na kiitikio."

"Mikono juu, Lehotín."

"Ndiyo."

"Mikono juu," alirudia taratibu. "Si bora usiende?"

"Nisipokwenda watasema Betón kaogopa. Nikilisema jina lake, watazima maiki kabla sijalimaliza, na kesho watasema nilikuwa nimelewa."

Želmíra alichomoa pasi kwenye umeme, akampa shati. "Mimi nakuja," alisema.

Saa kumi na mbili uwanja ulijaa. Watu walikula soseji na mkate, wazimamoto walipuliza matarumbeta yao nyuma ya jukwaa kuyapasha moto. Rasťo, aliyemchezea biti tangu siku za kabati, alimuuliza, "Kaka, ile beti nimeikata, sivyo? Tunaruka kwenda kwenye kiitikio?"

"Usikate. Acha biti iende."

"Utasema nini juu yake?"

"Acha iende, Rasťo."

Beti ya kwanza waliipokea kwa makofi. Ya pili vijana wakaruka. Kisha biti ya tatu ikaingia, ngoma na besi tupu, naye Betón akaishusha maiki mpaka kifuani, akanyamaza.

"Maiki imekufa!" mtu alipiga kelele.

"Kasahau mistari! Mzee huyo!" Kicheko kikapita kama upepo.

Mama Valéria, pembeni ya ngazi, aliifungua karatasi yake na kuisoma tena. Hakukuwa na kosa: beti haikuwa imesemwa. Kicheko kikapungua. Mwanamke mmoja mwenye mtoto begani alimwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule wa kwenye reli," na neno likatembea kuelekea nyuma, kichwa kwa kichwa, mpaka watu wakaacha kutafuna. Biti iliendelea. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa anatabasamu, akipigapiga goti kwa vidole, akingoja.

Želmíra alikuwa amesimama kwenye kamba iliyowatenga watu na jukwaa. Ctibor aliiona midomo yake ikifunguka na kulitamka jina, mara moja. Maiki ilikuwa mbali. Labda mistari miwili ya mbele ilimsikia.

Kisha biti ikageuka, na kiitikio kilichopigwa muhuri kikafika. Ctibor aliinua maiki.

"Mikono juu, Lehotín," alisema.

Ikapanda mikono ya vijana, ya wazee wenye vikombe vya bia, ya meya, ya mkurugenzi, ikipunga kulia na kushoto juu ya uwanja mzima. Mikono ya Želmíra ilibaki ndani ya mifuko ya sweta.