Askari Niliowapa Lango

Neno hilo nilipewa bombani, ndoo ikiwa bado haijajaa. Bi Stamili, anayeuza maandazi njia ya kituoni, aliniinamia sikioni akasema, "Mama Mhina, wewe kila siku unakwenda kusaga kwa Kihiyo na kumsabahi, na hujui kwamba siku ile gulioni aliyenyoosha kidole ni yeye? Yeye ndiye aliyepiga kelele ya mwizi." Nikamwuliza nani kasema. "Watu," akasema. Basi, watu. Nikajitwika ndoo nikarudi, maji yakinimwagikia mgongoni nisiyasikie, maana neno lile lilikuwa limeniingia kama mwiba wa mkonge, ukiuvuta unakatikia ndani.

Wenzangu mnaonisoma, mwanangu hakuiba kitu. Alimpeleka gulioni kuku wetu wenyewe, tuliyemfuga tangu kifaranga, watu wakamwita mwizi, wakampiga mwanangu mpaka mguu ukavunjika. Sasa yuko kitandani na plasta ngumu, na kutwa anacheza kwenye simu mchezo wa vita vya zamani, wenye ngome na farasi na mikuki. Siku hiyo ya bombani ndugu yangu Shekiondo alipokuja nikamweleza uani. Akasema, "Dada, unalia nini? Pale stendi kuna vijana, kazi yao ndiyo hiyo. Leo leo Kihiyo akifunga mashine, na yeye aujue uchungu wa mguu." Nikamwambia, "Nenda kawaambie." Alipoondoka, mwanangu Mhina akaniita, "Mama, njoo uone hawa mamluki, askari wa kukodi. Wanapigana kuliko wangu, ila ukikosea kuwatumia..." Nikamwambia niache, kichwa kinaniuma. Nikatandika mkeka sebuleni, jua la mchana likiwaka juu ya bati, nikalala na jina la Kihiyo katikati ya meno.

Nikajiona nimesimama katika nchi nyekundu isiyo na kivuli, iliyoota mikuki badala ya majani, mistari kwa mistari hadi upeo wa macho. Nyuma yangu palikuwa na ngome, nami nilijua ni yangu bila kuambiwa, kwa sababu ndani yake nilimsikia Mhina akikohoa. Langoni walisimama askari wangu wa nyumbani, wawili tu: Subira, mwanamke mnene aliyevimba miguu kwa kusimama, na Haya, binti aliyejiziba uso kwa ngao yenye viraka. Ng'ambo ya bonde ilisimama ngome ya Uonevu, na juu ya ukuta wake Kihiyo, kifua wazi, amemshika kuku wangu mbawa, anacheka mpaka anashika ukuta asianguke. Nilipomtazama Subira na miguu yake ile nikaona haya. Nikasema, na hawa nitaivunja ngome ile lini?

Hapo vumbi likatimka na jeshi likatokea, farasi wao weusi, mapanga yamenolewa yanang'aa. Mbele yao alikwenda Uvumi, asiye na macho, ananusa njia kama mbwa. Pembeni yake Ghadhabu, anatokwa na povu. Na kiongozi wao, kijana mzuri anayenukia udi, akashuka akanipigia goti. "Shikamoo mama. Mimi Kisasi. Tumesikia unalia peke yako." Nikaitikia marahaba, nikamwuliza wanataka ujira gani. Akacheka. "Sisi hatuli wali, mama. Tunakula majina. Tupe moja tu." Nikawapa la Kihiyo, wakalitafuna kama muwa, na mimi moyoni nikasikia utamu ambao sijausikia tangu mwanangu aletwe nyumbani kwa toroli.

Kabla sijapaza sauti ya vita, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga kiunoni alinishika bega. "Mimi ni Tahadhari," akasema. "Sikukatazi, maana hutanisikia. Lakini kama umeshawakodi, wakodi kama mwenye akili. Askari wa kukodi ni moto wa kuomba kwa jirani, unaupikia, hulali nao kitandani. Mpe kazi moja, na mwisho wake umtajie kabla hajaianza. Mweke mbele, penye ukuta mgumu, na wako mwenyewe wakae nyuma yake wamwangalie mgongo. Kazi ikiisha muage palepale uwanjani, asiione hata rangi ya mlango wako. Na lango, mama, hata kama wako wamechoka wanalala wima, lango halilindwi na mtu wa kukodi." Nikamjibu, "Nimesikia, dada, niache sasa." Nilikuwa nimesikia nusu.

Nikawaweka mbele kama alivyosema, nao wakaenda. Ee, walikwenda! Uvumi akaukuta ufa wa ukuta kwa pua, Ghadhabu akautia bega, na mawe yakaporomoka kama mahindi kutoka guniani. Nilishangilia. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Walimshusha Kihiyo kwa mguu, mguu uleule aliovunjwa mwanangu, wa kulia, nami nikapiga kelele, "Tena! Mpigeni tena!" Kuku akaruka akaenda zake, na wala sikumtazama. Yule mtu alilia kwa jina la mama yake, na mimi, mwenye kuitwa mama, nikafurahi.

Vita vilipokwisha nilipaswa kuwaaga. Lakini mtu amekupigania, utamwachaje aende na njaa? Sisi hatukulelewa hivyo. Nikawakaribisha ndani, nikawatandikia mikeka, nikapika wali wa nazi ambao nilijua hawali. Subira aliyumba langoni kwa usingizi, nikamwonea huruma. "Nenda kapumzike, mwenzangu, wewe na Haya. Vijana hawa watashika zamu." Subira akaniuliza, "Vijana gani, mama?" "Hawa waliotushindia." Akanitazama sana, akaniachia ufunguo, akaenda akichechemea. Nikautia mkononi mwa Kisasi. Akaubusu.

Hawakugusa wali. Walikaa wameegemea kuta. Kisha Kisasi akasema kwa adabu ileile, "Mama, lile jina limekwisha." Nikasema, "Basi na kazi imekwisha, baba. Nendeni salama." "Twende wapi? Hukututajia mwisho. Tupe jingine." Nikasema sina. Ghadhabu akaanza kukwaruza sakafu kwa panga. Nikatafuta jina, naona aibu kuwaambieni, nikawapa la Bi Stamili, wakalimeza bila kutafuna, wakataka tena. Nikawapa la ndugu yangu. Nikamwita Subira, hakusikia. Nikakimbilia lango, limefungwa. Ndipo Uvumi akainua pua, akanusa, akaelekea chumba cha ndani kinakotoka kikohozi. "Humu kuna moja," akasema. "Bichi." Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa mikono yote miwili, na kati ya vidole vyangu nikalisikia linatoka taratibu, "Mhi..."

Nikaamka nimeuma kanga. Jua lilikuwa linashuka. Nikaenda mbio kwa mwanangu nikamwuliza, "Gulioni, nani alikunyooshea kidole?" Akaweka simu chini. "Sijui, mama. Nilikuwa nimejifunika uso. Walionipiga nao hawakujua, walisikia tu mwizi." Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikaelewa ni jeshi gani lililomvunja mwanangu: ni lilelile nililolikodi mimi mchana.

Nilifika stendi kanga imenivuka bega. Kijana wao, Sudi, alikuwa ameketi juu ya pikipiki anachokonoa meno. Nikamwambia kazi hakuna, nimeghairi. Akacheka bila hasira. "Sawa, mama yetu, hatuendi. Ila msalimie mgonjwa. Mlango wa bluu, dirisha la kwanza ndipo anapolala, siyo? Mjomba wake alituonyesha."

Sijamsamehe Kihiyo, msinielewe vibaya. Kama ni yeye, nitamwuliza kwa mdomo wangu mbele ya mwenyekiti wa mtaa na watu wote, na nitamtazama usoni mpaka aseme. Lakini tangu jioni ile nalala chini, nimeegemea mlango wa bluu. Kwa hiyo nawaandikia, kina mama, mambo ya kuepuka:

Usimkodi mtu kwa neno la "watu".
Usimpe kazi isiyo na mwisho.
Usimweke mtu wa kukodi nyuma yako.
Usimkaribishe ndani baada ya kazi, hata kwa maji ya kunywa.
Usiwapumzishe walinzi wako kwa sababu umeshinda.
Usimtume ndugu mwenye hasira kukutafutia watu.
Usimwonyeshe yeyote kati yao dirisha la mtoto.