Picha Iliyochomwa Asubuhi ya Posa

Nasima alinusa kabla hajafika langoni. Plastiki ikiungua haina siri. Mtaa mzima ulishapata habari, na Moureen wa dukani alimpokea njiani, akamshika mkono kama anayempa pole ya msiba.

Nasima alikuwa ametoka sokoni kununua iliki. Watu wa Mombasa walikuwa wanakuja kumposa binti wa Mwanamina, wifi yake, na kwa kuwa nyumba ya kaka yake, mume wa Nasima, ndiyo kubwa, Mwanamina alihamia hapo tangu jana na fagio lake na mdomo wake.

Nyuma ya jikoni, picha ya mamake Nasima, kubwa kama mlango, ilikuwa imejikunja motoni. Mwaka mzima Nasima alikuwa akienda ufuo wa Kanamai, alikozaliwa mamake, kuokota vilivyotapikwa na bahari: ndara zisizo na jozi, vifuniko, nyavu zilizokatika. Kwenye treni ya kurudi Voi, abiria walikuwa wakiziba pua. Akavishona pamoja kuwa sura ya mamake: ndara nyeusi zikawa buibui, nyavu zikawa mikunjo ya shingo. Kifuani alishonea leso ya marehemu, ya mwisho aliyobaki nayo. Sasa ilikuwa imesalia ncha tu.

Mwanamina alitokea akijifuta mikono. Hakuomba radhi. Alisema wageni hawakaribishwi kwenye jaa, na eti yeye angejuaje kwamba takataka zile ni mtu.

"Ulijua," Nasima akasema. "Idi nzima ulikula pilau mbele yake. Ukasema macho hayajafanana."

Alwi, mumewe, akaja mbio, kanzu haijafungwa vifungo. Alimsihi ameze, siku moja tu, wageni wameshapita Maungu, wako karibu kufika, na dadake ni dadake. Nasima alikuwa amemeza miaka mingi. Kila nyumba ikijaa, harusi au matanga, yeye ni wa kupika na wifi ni wa kusema. Leo koo liligoma.

"Sawa," akasema, na Alwi akashusha pumzi mapema mno.

Wageni waliketi, wanaume barazani, wanawake sebuleni, na Moureen keshajipenyeza pembeni maana yeye hapitwi. Nasima akaingia na lile bonge lililoungua, akalitundika kwenye msumari wake wa siku zote, juu ya kiti cha Mwanamina. Majivu yakadondokea mtandio mpya wa wifi. Harufu ikaufunika udi.

Mamake kijana anayeposa akakohoa, akauliza kwa adabu kile ni kitu gani.

"Ni marehemu mama yangu, Bi mkubwa. Wifi kamchoma leo asubuhi, ili nyumba iwapendeze."

Mwanamina akapangusa majivu mtandioni, yakazidi kusambaa. Binti yake akainamisha uso. Moureen akasahau kutafuna halua.

Nasima akainua birika, akawamiminia kahawa wote, mmoja baada ya mwingine, akamruka wifi.