Miguu ya Mwakalinga

Kila asubuhi, kabla ya chuma kumiminwa, wanaume wa kiwanda kimoja pale Nakuru walilowesha magunia wakajifunga miguuni. Viatu hawakupewa. Meneja alisema wamezoea pekupeku.

Mwakalinga, Mnyakyusa aliyetoka Tanganyika kutafuta kazi akaishia mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, alidai viatu tangu achaguliwe. Siku moja tone la chuma lilimwangukia Kipkemei mguuni. Kipkemei akapiga mayowe, akafungua gunia, akakuta ngozi nzima. Mwakalinga, aliyekuwa upande wa pili akishindilia udongo wa kalibu ya kumiminia chuma, akaketi taratibu. Kidonda kilikuwa kwake.

Tangu hapo, kila aliyeungua, kidonda kilihamia kwa mwenyekiti. Truphosa, mkewe, alivipaka vidonda samli huku amenuna.

"Si walikuchagua uwasemee? Sasa unawaungulia pia?"

"Ndiyo kazi yenyewe," akajibu, na kusema kweli alijivunia kidogo.

Meneja alifurahi. Hakuna aliyebaki nyumbani tena kuuguza mguu, na majembe ya plau yalifika kwa masetla wa Mau Narok kwa wakati. Wafanyakazi nao wakaona magunia ni usumbufu mtupu, wakayatupa.

Mwakalinga alipoitisha mkutano wa mgomo, alifikishwa kwa mkokoteni. Alisema yote aliyokuwa nayo. Watu wakatazama miguu yao laini.

"Lakini mwenyekiti," Kipkemei akasema kwa adabu, "viatu ni za nini na hatuumii?"

Uchungu uliomshika Mwakalinga hapo ulishinda wa vidonda vyote.

Mgomo haukuwapo, ila neno lilikwisha kusemwa, na wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau mgeni hakusamehewa neno kama hilo. Akapakiwa kwenye lori pamoja na mkewe, wakavushwa mpaka wa Tanganyika. Meneja, kwa hofu kwamba sasa kila mtu atabaki na kidonda chake, akaagiza viatu kutoka Nairobi. Kabla havijafika Kipkemei akaungua. Akautazama mguu: safi. Meneja akafuta agizo.

Huko kwao Tukuyu, Mwakalinga alikuwa akipalilia migomba. Akaweka jembe chini, akaketi. Truphosa alimwona kutoka mlangoni.

"Nani leo?"

"Kipkemei."

"Bado hawajapewa viatu?"

"Wangepewa," Mwakalinga akasema, "ningekuwa nimesimama."