Kofia ya Mpiga Kengele

Treni ya bara ikishatoka Pugu, simu hulia chumbani kwa bwana stesheni, naye Ansbert huenda kupiga kengele. Wapagazi hukurupuka, wenye mikokoteni hugombania mlango, na mtaa mzima hujua kwamba watu wa Kigoma, Tabora na Mwanza wanaingia. Mjerumani aliijenga stesheni ile akaiacha, Mwingereza akaikuta akaikalia. Ansbert hayo hayakumhusu. Mpaka mwaka ule wa hamsini na mbili alikuwa amepiga kengele miaka mingi bila kuwaza ni nani anayeshuka.

Siku hiyo alijua. Anayeshuka ni mkewe Kokushubila, aliyetoka Bukoba kwa meli hadi Mwanza, akapanda treni, aje kumuuguza mtoto wao Nikodemu. Na Nikodemu walikwisha kumzika juzi, huko Temeke, mama yake akiwa njiani.

Cha ajabu, Ansbert hakusikia uchungu. Alikula, alilala, alifika kazini mapema, tena akaona haya kwamba anayaweza yote hayo. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, lakini si wako.

Jirani yake, Bi Tunu, alikuwa amempanga tangu asubuhi. Msafiri hapewi habari ya msiba njiani. Afike kwanza, aoge, ale, ndipo watu wazima wamkalishe wamwambie.

"Na hiyo kofia ya kazi usiivue, baba, hata ukiwashwa," alimwonya. "Akikiona kichwa hicho tu, basi tena."

Maana kwao Ansbert mzazi aliyezika mtoto hunyolewa nywele zote, na Kokushubila alizaliwa hukohuko.

Simu ikalia. Akaipiga kengele kama siku zote. Treni ikaingia na moshi wake, watu wakamwagika, na katikati yao akamwona mkewe, mkungu wa ndizi kichwani, mkononi kifurushi cha senene, panzi wa kwao wa kukaanga. Nikodemu aliwapenda mno. Alipomfikia mumewe akatua mzigo, akapiga goti kumwamkia, palepale mbele ya watu, kama wanawake wa kwao wafanyavyo uani. Wapagazi wakaangua kicheko.

"Mtoto je, Baba Niko?"

"Yupo nyumbani," alisema Ansbert. Sauti ilitoka vizuri tu.

Ndipo bwana stesheni akapita, mikono nyuma. Miaka yote hiyo, kila Mzungu yule alipopita, mkono wa Ansbert ulijipandia wenyewe kichwani. Ukapanda. Kofia ikatoka.

Alipogutuka, bwana stesheni alikwisha kwenda zake. Kokushubila alikuwa bado yuko chini, anamtazama kichwa. Hakupiga yowe. Alimtazama mpaka wapagazi wakanyamaza.

"Nani ananingoja nyumbani?" aliuliza.

"Bi Tunu. Amepika. Maji ya kuoga yapo."

"Na watu wazima?"

"Wapo."

Akainuka taratibu, akaichukua kofia mkononi mwa mumewe, akamvika, akaivuta mpaka masikioni.

"Basi twende nikaoge, nile," alisema. "Na wewe usiwaambie kwamba nimeshajua. Wataumia."

Ansbert akainama kuokota kifurushi cha senene. Kilikuwa chepesi, lakini akashindwa kukiinua.