Jani Ambalo Tabitha Hakulipokea

Ephraimu alifika nyumbani kwa wazazi wa Tabitha, juu ya Makumira, ameshika jani la isale. Nyuma yake alikuwa mtoto wa kaka yake, Mikaeli, mume wa Tabitha. Katika ukoo wao, anayeletewa jani hilo husamehe papo hapo, bila kuuliza swali.

"Shikamoo, baba mdogo," Tabitha alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pokea, tunywe chai, mrudi kwenu."

"Jani silipokei."

Mzee Sifaeli, baba yake Tabitha, aliweka kikombe chini.

"Kakufundisha nani? Yule mama wa Kijenge?" Ephraimu alicheka. "Nasikia mnakwenda kwake kujifunza kulia. Mngeniambia! Kwangu vitunguu vimejaa, tena bure."

Mama wa Kijenge aliitwa Evelyn, mshauri wa ndoa, na hakumfundisha mtu kulia. Aliwaonyesha mwenendo wao ulivyo. Tabitha akiogopa kuachwa, hufoka. Mikaeli akifokewa, hujiona ameshindwa, hutoka kwenda shambani kwenye kahawa. Akitoka, Tabitha huogopa zaidi. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu mimba yao ya kwanza ilipoharibika. Evelyn aliwaketisha wakitazamana, akamuuliza kila mmoja kuna nini chini ya hasira yake. Tabitha alijibu. Mikaeli alinyamaza kila mara, mpaka mkewe akahama.

"Nikilipokea," Tabitha alisema, "atakuwa amesamehewa bila kufungua mdomo. Aseme mwenyewe. Akishindwa, sirudi." Akaketi.

"Mwanamume hasemeshwi mbele ya wakwe!" Ephraimu aliingilia. " Mikaeli, usithubutu."

Mikaeli alivuta kiti, akaketi mbele ya mkewe, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Siku ile hospitali nilikuambia nakwenda kuangalia maji ya mfereji wa shambani. Sikwenda. Nilikaa kwenye korido, nje ya mlango wa wodi. Niliogopa ukiniona nalia utajua sina msaada wowote kwako."

"Nilikuita."

"Nilisikia."

"Kumbe ulikuwa mlangoni. Na mimi muda wote huu nauchukia mfereji wa watu bure."

"Aibu gani hii," Ephraimu alinong'ona.

"Na ukiogopa tena?" Tabitha aliuliza.

"Nitakuambia naogopa. Nikikwama, niulize. Sitatoka."

"Basi nitarudi. Lakini yapo mengine, na utayasikia yote, hapa hapa, mbele yao."

Ephraimu aliinuka, akakung'uta koti. "Amesema anarudi, yamekwisha. Mikaeli, simama twende. Mkeo atafuata."

Mikaeli hakugeuza hata kichwa.

"Tangulia, baba mdogo. Hajamaliza kusema."