Kwaya ya Vichwa Kumi na Sita

Trizah alikuwa na saluni pale Suna, Migori, na wasusi watatu: Liz, mwenye mkono mwepesi, Ayesha, binti wa muuza vitambaa wa mjini, na Robi wa Kegonga, ambaye hakuvumilia mtu wa kwao kusemwa vibaya. Kila msusi alikuwa na wateja wake. Mteja aliketi, akasukwa, akasimulia mambo ya nyumbani kwake tangu mwanzo, na kichwa kilipomalizika habari nayo ilikuwa imemalizika. Mambo yalikwenda hivyo miaka sita na hakuna aliyelalamika.

Kisha Trizah akaanza masomo ya jioni.

Alijiandikisha kozi ya usimamizi wa uzalishaji katika chuo kimoja mjini. Mwalimu wao, Bwana Mokaya, aliwaeleza kuwa kazi zote duniani hufanywa kwa njia nne. Kuna fundi anayeshona suti ya mtu mmoja kwa oda yake. Kuna mwokaji anayetoa mikate fungu kwa fungu. Kuna kiwanda ambamo kitu hupita kwenye mstari, kila mfanyakazi akiongeza chake. Na kuna mitambo isiyozimwa kamwe, kama ya sukari, inayotiririsha tu. Trizah aliuliza saluni iko wapi hapo. Bwana Mokaya, ambaye kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja, alifikiri kidogo akasema saluni ni kama fundi wa suti, ndiyo maana haiendi haraka. Trizah akalibeba neno hilo hadi nyumbani, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki hiyohiyo akaja Benta, mteja wake wa zamani na kiongozi wa kwaya ya akina mama. Benta na mumewe Cephas walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na Jumamosi wangebarikiwa kanisani nyumbani kwa Cephas, Homa Bay. Kwaya nzima ilitaka kusukwa matuta ya mtindo mmoja, vichwa kumi na sita, vyote siku ya Alhamisi. Wasusi walitazamana. Trizah alitabasamu, maana aliona ni Mungu mwenyewe amemletea mtihani wa vitendo.

Alhamisi saa moja asubuhi viti vitatu vilikuwa vimepangwa mstari. Liz angeosha na kusuka mbele, Ayesha upande wa kushoto, Robi upande wa kulia na kumalizia ncha. Kila baada ya nusu saa Trizah, aliyesimama mlangoni na filimbi ya refa, alipuliza, na kila mwanamke akainuka na kuhamia kiti kinachofuata. Hakuna kusubiri neno liishe. Filimbi ikilia, unahama.

Kwa upande wa nywele, kazi ilikwenda kama maji. Kufikia saa sita unusu vichwa tisa vilikuwa tayari, vimefanana hata mtu angedhani ni mama mmoja aliyetazamwa kwenye vioo tisa. Tatizo lilikuwa kwingine. Mwanamke alianza habari yake kwa Liz, filimbi ikamkata, na kwa kuwa hakuna anayekubali kuanza hadithi upya, aliendelea pale pale alipofikia kwa Ayesha, kisha akaimaliza kwa Robi. Liz akawa na mianzo tisa isiyo na mwisho. Robi akawa na miisho tisa asiyoijua asili yake. Ayesha ndiye aliyeteseka zaidi, kwa sababu yeye hakuwa na kichwa wala mkia.

Wakati wa chakula hawakugusa chai. Walikaa kwenye benchi la nyuma wakaanza kuunganisha, na Trizah, ambaye angepaswa kuwakemea, akavuta stuli akajiunga.

Liz alitoa mwanzo wa Benta: Cephas, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, siku hizi anaamka kabla ya jogoo, anavaa koti, anaingia shamba la miwa, na akirudi midomo imevimba. Wote wakashika vifua. Ayesha akasema basi kipande chake kinaingia hapo hapo, maana kuna mmoja alimwambia kuwa huyo mwenyewe ametolewa Kegonga, ana shingo ndefu na macho makubwa, na anatembea kwa madaha. Robi akanuna kwa ajili ya Kegonga, lakini na yeye alikuwa na mwisho wake: amezaa pacha Jumanne, na wenyewe wamenyamaza, maana watu wakijua hawatapumua.

Kilibaki kipande kimoja tu cha Robi kilichokataa kuingia popote, "Akipuliza, ndege wote wanahama, lakini mimi nimeamua kujifanya sijui." Walikijaribu huku na huku, wakakiweka kando.

Walipoulizana nani hasa alisema vile vipande vingine, hakuna aliyejua. Ayesha alikuwa ameona masikio ya kushoto tu, na Robi visogo. Trizah hakuwa na shaka. Alimhurumia Benta, na vichwa vilivyobaki vikahamishwa kwa upole zaidi.

Jumamosi alikwenda Homa Bay na vitana vyake, kurekebisha nywele zitakazolegea njiani. Alipomwona Cephas peke yake nyuma ya kanisa, amevaa suti ya kijivu na anatokwa jasho, dhamiri ilimsukuma. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anajua habari ya shamba la miwa.

Cephas akaangalia kushoto na kulia. "Nani amekuambia?"

"Haidhuru. Benta anajua?"

"Bado. Nataka aione leo, baada ya wimbo wa pili. Iko kwa chumba ya mchungaji, nimeifunika na shuka."

Upande huu wa ziwa, katika Kiswahili cha wengi, kila kitu ni "iko" na "hiyo", iwe mtu au sufuria. Kwa hiyo sarufi haikumshtua Trizah. Kilichomshtua ni shuka.

"Umemleta kanisani?"

"Nimeileta. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Asumbi, alistaafu akaniachia. Imezeeka kidogo, lakini ukiikumbatia vizuri uweke mdomo, inatoa sauti tamu sana."

Trizah hakungoja kusikia zaidi. Kegonga, Asumbi, na sasa chumba cha mchungaji. Alikimbia hadi darasa la watoto ambamo kwaya ilikuwa inavaa, akamvuta Benta pembeni, akamshika mikono yote miwili. Alimwambia ajikaze. Alimweleza juu ya mwanamke wa shingo ndefu, aliyezaa na Cephas, na ambaye dakika hiyo amefunikwa shuka hatua ishirini kutoka madhabahuni.

Benta alisikiliza mpaka mwisho. "Amezaa pacha?" akauliza.

"Jumanne."

Benta akageuka, akamwita Mama Maxwell, mwimbaji wa sauti ya pili, akamuuliza kama yule wake wa Kegonga amekwisha kuzaa. Mama Maxwell akaangalia chini kwa aibu. Alikiri kuwa ndiyo, madume mawili, na kwamba alimwambia msusi tu, kwa siri, kwa sababu Suna nzima ingekuja na vikombe kuomba maziwa.

"Trizah," Benta akasema, "huyo ni ng'ombe."

Kisha akamweleza na la miwa. Cephas alikuwa anajifunza tarumbeta kwa miezi miwili ili amshangaze mkewe. Benta alimfuata siku moja, akamwona amesimama katikati ya miwa mashavu yamejaa kama ya chura, akarudi kimya kimya kitandani. "Sasa nipishe," akasema, akijipangusa uso. "Nina kazi ya kushangaa."

Baada ya wimbo wa pili Cephas alitoka na tarumbeta yake ya shaba iliyobonyea. Alipuliza kitu ambacho wengine walikitambua kuwa ni tenzi na wengine wakadhani ni feri inayoondoka. Mtoto mmoja alilia. Benta aliweka mikono kinywani, akarudi nyuma hatua moja, akalia machozi ya kweli, na Trizah, aliyejua yote, hakuweza kusema kama ni ya kicheko au ya mapenzi. Cephas alishusha tarumbeta akamtazama mkewe kama kijana wa miaka ishirini.

Jumatatu Trizah alimsimulia Bwana Mokaya. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema kosa si la mstari. Mstari unataka vitu vyenye sehemu zinazofanana, na nywele zilifanana, bali wenye nywele hawakufanana. Alimpa alama sabini na mbili.

Tangu hapo saluni inaosha nywele kwa mafungu, wanne wanne, kwa kuwa ndani ya maji hakuna anayeongea. Kusuka ni kichwa kimoja, mkono mmoja. Benta aliporudi kufumua matuta, Trizah alimsuka mwenyewe. Ilichukua saa tatu unusu, maana dada yake Benta amegombana na shemeji yake kuhusu bata, na jambo hilo lina pande nyingi.